Kabati Moja, Filamu Mbili

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umri wako unaruhusu, na kama hauruhusu basi pokea salamu za kawaida. Mimi ni mke wa seremala na nakuandikia nikiwa nimekaa pembeni ya begi, maana tangu asubuhi nafungasha niende kwa dada yangu, nusu ya nguo zimo na nusu ziko kitandani, nikajisemea hebu kwanza niulize mtu asiyenijua, asiye upande wangu wala upande wa mume wangu, kisha ndio nifunge zipu.

Ugomvi wenyewe ukiusikia utanicheka, kwa sababu umeanzia kwenye filamu za kuchekesha, tena si moja, ni mbili, ya zamani na mpya yake. Ile ya zamani ni ya picha nyeusi na nyeupe, haina maneno, kinanda tu kinapigwa mwanzo mpaka mwisho, na hadithi yake ni kwamba mkuu wa polisi ameingia dukani kununua kabati, akajifungia ndani kupima kama linatosha makoti yake, mlango ukakwama, na mbeba mizigo asiyejua lolote akalipakia kwenye mkokoteni akaondoka nalo, polisi wote wa mji wakamfukuza wakidhani mkuu wao ametekwa, na yeye anakimbia akidhani wanamfukuza kwa sababu amemkanyaga mmoja wao mguu kwa gurudumu. Kila mkokoteni ukiruka shimo mlango unafunguka, mkuu anatoa kichwa, anapanua mdomo apige kelele, shimo lingine, mlango unambana tena. Mume wangu alinipeleka kuiona tulipokuwa wachumba, na mpaka leo kila mwaka siku tuliyooana tunaitazama, yeye anacheka kabla shimo halijafika, na kila mwaka ananieleza upya kwamba bawaba za mlango ule zilifungwa vibaya, fundi wake alikuwa na haraka.

Sasa filamu hiyo wameitengeneza upya, ya rangi, kabati liko ndani ya gari la kupeleka mizigo, mkuu wa polisi safari hii ni mwanamke, na aliyepewa sauti yake ni binti yetu. Nasema sauti kwa sababu huyo mkuu haonekani hata kidogo, amefungiwa kabatini filamu nzima, kazi yake ni kuongea tu, mara anatoa amri, mara anabembeleza, mara anatukana kwa adabu, na dereva anadhani ni redio ya gari, anabishana nayo, anabadilisha stesheni, na mwisho kabisa unatoka mkono mmoja kuchukua kofia, nao si mkono wa binti yetu. Huyu mtoto nyumbani tunamwita Kasuku, jina alilopewa na baba yake mwenyewe, maana alipokuwa mdogo alikuwa anakaa juu ya rundo la mbao kule karakana anaongea kutwa nzima, na baba yake anamjibu huku anapiga randa, kwa hiyo alipoipata kazi hii alisema baba ndiye atakayefurahi kuliko watu wote. Na mzee nilimtayarisha mapema, nilimwambia kwa mdomo wangu, mimi nakaanga jikoni na yeye yuko sebuleni, kwamba Kasuku atasikika kwenye filamu lakini haonekani, akanijibu, "Sawa, sawa."

Jumapili mchana Kasuku akaja nayo, wifi yangu akaja, jirani yetu fundi cherehani akaja, tukajaa sebuleni. Mshauri, sijawahi kuona aibu kama ile. Sisi tunacheka mpaka tunashikana mabega, mume wangu amekunja mikono, hatazami hata televisheni, anatutazama sisi nyuso, tukishacheka tukatulia ndio na yeye anatoa kicheko kimoja cha kulazimisha, na ilipofika pale pazuri kuliko pote, mkuu anapomwimbia dereva ili asimamishe gari, akasimama akapita mbele ya televisheni akaenda kunywa maji. Ilipoisha Kasuku akamuuliza, "Baba, umeionaje?"

"Ya zamani ilikuwa na watu," akasema, kwa kufoka, maana siku hizi ndani ya nyumba anaongea kama yuko kwenye mashine. "Hii ina gari na kabati."

"Na mimi je?"

Akamtazama mtoto, akaitazama televisheni, akamtazama tena mtoto. "Kwani wewe uko wapi humu?"

Wifi yangu akaangua kicheko, "Kaka, wewe hukosi neno!" lakini Kasuku hakucheka, alichukua mkoba wake akaondoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga hapa, nikimpigia ananiuliza hali yangu mimi tu.

Na si hilo peke yake. Miaka yote kwenye kochi mume wangu amekaa kushoto kwangu, sasa amehamia kulia, na kitandani hivyohivyo, amenihamisha upande wangu bila hata maelezo, nikimuuliza anasema panamfaa. Nikimwongelesha amenipa mgongo hanijibu. Mama yangu akipiga simu anampa kijana wa karakana aongee naye, mkwe wake huyo, mtu ambaye walikuwa wanataniana kila siku. Juzi ameketi mezani anachora meza ya mteja, birika liko nyuma yake linapiga mluzi, linapiga mluzi, mimi niko uani naanika, naingia nakuta maji yamekauka na birika limeungua, na yeye ananitazama eti, "Mbona unaninunia?" Mtu wa namna hiyo si ananiambia nitoke kwake bila kulitamka? Mimi dharau yangu ningeimeza, nimeshameza nyingi, lakini kumvunja moyo mtoto mbele ya watu kwa sababu ya mapenzi ya filamu ya kizee, hapo nimeshindwa. Niambie, niende kwa dada yangu au nibaki?

Mke wa Seremala

*

Marahaba. Umri unaruhusu, tena sana.

Kwanza zitoe hizo nguo kwenye begi, zinajikunja bure.

Barua yako ilinipa kazi ambayo sikuizoea. Kwa kawaida naletewa waume wenye simu mbili, wewe umeniletea filamu mbili. Nikazitafuta zote na kuzitazama kwa zamu, mchana, hapa ofisini, mlango ukiwa wazi ili wenzangu wasidhani nimepata ugonjwa wa kucheka peke yangu.

Ukitaka maoni yangu kama mtazamaji tu, mume wako hakukosea sana. Filamu ya zamani inafukuzana kwelikweli, yule mbeba mizigo anakimbia kwa miguu yake na unaona jasho. Ile mpya gari linakimbia na dereva amekaa. Lakini na wewe hukukosea, kwa sababu ile mpya ina kitu ambacho ya zamani haikuwa nacho, nacho ni huyo mama wa ndani ya kabati. Ana maneno! Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Kichekesho chote wamekihamisha kutoka kwenye miguu wakakipeleka kwenye mdomo, halafu mdomo wenyewe wakaufungia kabatini.

Hapo ndipo simu yangu ya mezani ilipolia. Nikabonyeza kitufe cha kunyamazisha, nikaongea na aliyepiga huku macho yangu yako kwenye filamu. Mama, unajua niliona nini? Gari. Kabati. Dereva anatikisa kichwa. Gari tena. Niliitazama hivyo kwa muda mrefu na sikuona sababu ya mtu kucheka. Nikairudisha ile ya zamani, nikaizima sauti pia. Sikukosa kitu zaidi ya kinanda, maana kila kichwa kinachotoka kabatini kina macho na mdomo, na unajua kinataka kusema nini.

Nikaichukua barua yako nikaisoma mara ya pili.

Mume wako hasikii vizuri.

Mimi si daktari, na inawezekana ni nta tu imeziba, wamsafishe siku moja mambo yaishe. Lakini mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo kando ya msumeno wa umeme na mashine ya randa, masikio wazi, sitashangaa wakikuta ni zaidi ya nta. Daktari wa masikio niliyemuuliza ameniambia kwamba mara nyingi sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Mluzi wa birika, kwa mfano. Sauti ya mama mkwe kwenye simu. Sauti ya mwanamke inayotoka kwenye spika ya televisheni, uso wake hauonekani.

Sasa niruhusu nikugombeze kidogo, maana umejitakia. Dalili zote umeziandika kwa mkono wako mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kila moja umeipachika jina la dharau. Unampa taarifa kubwa ya mtoto ukiwa jikoni, mafuta yanachachatika, ukuta uko katikati, halafu unaridhika na "sawa, sawa." Hiyo ni "sawa" ya mtu aliyechoka kusema "rudia." Unasema hakuitazama televisheni, alitazama nyuso zenu. Angetazama nini kingine? Alikuwa anasubiri nyinyi mcheke ili ajue kuna kichekesho, akaja na kicheko chake nyuma yenu, asionekane mjinga mbele ya dada yake na jirani.

Na hilo la kuhama upande ndilo lililonishika mimi. Alipokuwa akikaa kushoto kwako, sikio lake lililokuelekea lilikuwa la kulia. Sasa amehamia kulia kwako, kwa hiyo la kushoto ndilo liko kwako. Nenda karakana uangalie mashine inamngurumia upande gani anaposimama kazini. Nina hakika utakuta ni kulia. Mtu huyu hakukuhama, mama. Alichukua sikio lake zima akaliweka karibu na wewe, mchana na usiku, na wewe ukafungasha.

Yeye naye asijifanye mjanja. Kuficha kitu kama hiki kwa mke, huku unashinda na msumeno unaozunguka na kijana wa kazi anayeweza kukupigia kelele ya hatari usimsikie, huo si uanaume, ni ukaidi, na mwambie nimesema mimi. Anaona haya, naelewa. Haya yake yasimkate vidole.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo jioni usimsemeshe kutoka jikoni. Nenda ukakae mbele yake, taa ikiwa imewashwa, uso wako auone, uongee taratibu bila kupiga kelele, kwa sababu kelele haisaidii, inaukunja mdomo tu. Usianze na birika wala na mama yako. Mwambie unajua, na kwamba hukujua ndio maana ukakasirika. Akikana, mwache akane, kesho yake mpeleke kwa daktari wa masikio hata kama atanuna njia nzima. Kazini avae vifaa vya kuziba masikio, yeye na kijana wake, tangu siku hiyohiyo. Kwa dada yako nenda ukimkumbuka, ukale, urudi.

Limebaki la mtoto, na hilo lisingoje daktari. Swali lile mlilodhani ni kejeli lilikuwa swali la kweli. Mzee alichonasa ni kwamba binti yake yumo kwenye filamu, akamtafuta kwenye picha, hakumwona, akauliza, na wifi yako akaangua kicheko. Mpigie Kasuku sasa hivi, kabla hujalikunja gazeti hili. Mwambie aende karakana mchana, mashine zikiwa zimezimwa, akae juu ya rundo la mbao kama zamani, upande wa kushoto wa baba yake, amgeuzie uso, amsemee maneno yote ya yule mkuu wa polisi, amri, matusi na wimbo, polepole. Baba yake aliuliza yuko wapi. Aje amjibu.