Amana ya Mama

Dzamandzar, Nosy Be
9 Juni 1984

Kwa mama yangu Koultoum, Mahabibo, Mahajanga.

Assalaam alaikum, mama. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani, na goti limepungua uvimbe. Mimi mzima, ila nimechoka. Akusomee dada Hadidja peke yake, mlango umefungwa. Asiitwe jirani.

Karatasi za safari nimeshazichukua mjini Andoany. Nikijaliwa, mwezi ujao nitakuwa Marseille, na huko ndiko nitakakokaa maisha. Nimepata na koti la sufu. Wenzangu kiwandani walinishurutisha nilivae mbele ya tanuri, wakacheka mpaka wakakaa chini. Assoumani akasema sina haja ya kwenda Ulaya, nimeshaiva hapa hapa. Miaka saba nachochea moto wa kupikia sukari, mama. Nikitoka kazini mgongo haunyooki.

Charifa, mkewe Assoumani, amerudi kutoka huko na kunifikishia salamu zako. Amesema utanipa radhi niende, ila kwanza nirudishe amana iliyomo katika sanduku la bati, lile ulilonikabidhi mwaka wa fujo, nyumba zilipochomwa, nije nalo huku lisalimike. Amesema pia unawaambia watu wa Mahabibo kwamba mwanao ana bahati, mlango wa Ulaya umemfungukia bila kubisha hodi. Bila radhi yako siendi, unanijua. Kwa hiyo sina budi kusema.

Unamkumbuka Chaher, yule Mngazija mrefu niliyekuja naye Idi, ukamtania kwamba anakula kama harusi nzima? Mwaka jana, wakati wa mvua, homa ilimshika Jumanne, Alhamisi akafa. Hapa hakuwa na mtu ila mimi. Tulimwosha, kisha tukatafuta kitambaa cheupe. Unajua maduka yalivyokuwa matupu; hata sabuni tuligawana kwa kisu. Andoany nzima tuliizunguka, tukarudi mikono mitupu. Anayetusalisha akasema basi, azikwe katika shuka lake. Shuka lenyewe lilikuwa magunia ya unga yaliyoshonwa, maandishi bado yanasomeka.

Nikafungua sanduku lako, mama. Sanda yako ndiyo niliyomvika.

Nilijua kwamba marehemu baba ndiye aliyekununulia, kwamba ilichovywa maji ya zamzam, kwamba kila Ramadhani ulikuwa ukiianika na kuifukiza udi. Nilijua yote, na mkono haukusita.

Chaher ana kaka Marseille, Bourhane, mfanyakazi wa bandarini. Alipoandikiwa jinsi ndugu yake alivyozikwa, alijibu kwamba aliyemsitiri nduguye hatalala nje maadamu yeye ana chumba. Ndiye aliyenishughulikia karatasi. Basi si bahati. Mlango huo umefunguliwa na sanda yako, nami nimenyamaza mwaka mzima nikikuacha unisifu.

Sanda ya mwanamke ni vipande vitano. Chaher alihitaji vitatu. Kanzu na ushungi vipo, havijaguswa, vinanukia udi hadi leo. Charifa atakuletea pamoja na barua hii. Vitatu vilivyopungua ndivyo vitu vya kwanza nitakavyotafuta huko, kabla ya godoro na kabla ya sufuria, ukinipa radhi. Ukininyima, nitabaki na tanuri langu, wala sitakulaumu.

Nisalimie Hadidja na wanawe, na wote wanaoniulizia. Wewe nakubusu mkono. Nawe tafadhali, mama, usitangulie kabla vile vitatu havijafika.

Mwanao,
Soilihi