Kaka Vitalis Analima Kwenye Shuka

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya leo ni ile ya kukata masikio. Upepo umeanza asubuhi na mpaka sasa haujachoka, unagonga bati kama mtu anayetaka kufunguliwa. Kila ukigonga nashtuka.

Mimi Yustina ninaogopa.

Naandika wazi hivyo maana hapa Majengo hakuna atakayeamini. Yustina wa kucheka, Yustina wa kupita nyumba kwa nyumba na habari zikiwa bado za moto, leo amefunga mlango jua halijazama na ameegemeza gunia la ulezi kwa ndani. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alitwambia tuandike kila siku japo mistari michache, mkono usisahau. Siku zote naandika nani kagombana na nani kwenye foleni ya sukari. Leo herufi zenyewe zinapanda mlima. Basi ngoja nianze mwanzo, labda nikimaliza moyo utakuwa umetulia.

Deo ni mtoto wa marehemu kaka yangu Vitalis. Mtoto nasema tu, ndevu anazo. Serikali ilimpeleka Ulaya, kwenye nchi za marafiki zetu, akasomee sinema. Si sinema za watu, ni za kuchora. Unachora mtu kwenye karatasi, unachora tena mguu umesogea kidogo, unachora tena, mpaka vidole vinakufa ganzi. Halafu mashine inazipitisha haraka haraka, na mtu wa karatasi anatembea. Huko wana tamasha lake kila mwaka. Mataifa yanaleta picha zao za namna hiyo, watu wanakaa wanatazama, wanapeana vyeti. Mwaka huu na ya Deo wetu ilikuwemo. Wazungu walisimama wakapiga makofi! Baadaye picha kadhaa za tamasha zikafungwa kwenye makopo ya bati, zizungushwe mikoani na gari la sinema. Deo akaja nazo.

Mnadhani nilinyamaza? Nilitangaza sokoni, nilitangaza kisimani, nilitangaza kanisani wakati wa kupeana amani. Mpaka wanawake wa Muze waliokuja kuuza samaki walirudi bondeni wanajua kwamba mtoto wa kaka yake Yustina amechora kitu na dunia nzima imekitazama.

Leo mchana ndiyo tukaitwa ukumbini. Afisa utamaduni alisema usiku baridi itaua wazee, kwa hiyo tufanye alasiri. Wakaziba madirisha yote kwa mablanketi. Mimi giza la usiku nimelizoea. Lile la mchana, unajua kabisa nje jua linawaka na wewe humwoni jirani yako, halikunipendeza tangu mwanzo. Wakatundika shuka jeupe ukutani. Mashine ikaanza kukereza.

Za kwanza zilikuwa raha tupu. Birika linakimbizana na kifuniko chake. Ndege kameza jua, tumbo linang'aa, wenzake wanamfuata wakaote moto. Mzee Sefu mwenye duka na lori, mtu asiyecheka hata ukimtekenya, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nikajivuna kama nimezichora mimi.

Halafu ikaja ya Deo.

Mtu anatembea na jembe begani. Koti limechanika kiwiko. Kofia imebonyea kwa mbele. Anachechemea kidogo, anasimama, anaivua kofia, anakuna utosi kwa kidole kidogo, anaivaa tena. Kidole kidogo! Nani mwingine alikuwa anakuna utosi kwa kidole kidogo hapa duniani?

Alikuwa Vitalis. Kaka yangu tuliyemzika wakati wa kuhamia kijijini, wiki ileile watu walikuwa bado wanalala chini ya maturubai. Aliumwa jioni, asubuhi hayupo. Wengi hawakuuona hata mwili, kila mtu alikuwa anahangaika na mizigo yake.

Sasa yuko pale kwenye shuka, analima ntumba, haya matuta yetu ya duara ya Ufipa, unageuza udongo unafunika nyasi ndani zioze. Analima tuta moja, la pili linatokea. Analima la pili, yanatokea mengine. Hapumziki. Hanywi maji. Hasemi neno, mdomo umefungwa. Matuta yanaongezeka mpaka shuka lote limejaa, na yeye katikati, mdogo kama siafu, jembe linapanda linashuka, linapanda linashuka.

Ukumbi ukawa kimya. Mimi najua kimya cha watu wanaotazama na kimya cha watu wanaofikiri jambo moja. Hiki kilikuwa cha pili.

Hapa kwetu kila mtoto anajua msukule ni nini. Ni mtu mliyemlilia mkamzika, kumbe mchawi kamficha. Akili imetolewa, ulimi hauna kazi, analimishwa shamba la huyo mchawi mchana na usiku, hachoki wala halalamiki. Sasa niambie, kile tulichokuwa tunakitazama kilikuwa nini kingine?

Sauti ikatoka nyuma. "Vitalis analimishwa Ulaya!"

Hapo ndipo wifi yangu, mama yake Deo, alipofanya kitu ambacho nikifumba macho bado nakiona. Aliinuka polepole, akapita katikati ya watu mpaka mbele kabisa. Akapiga magoti pale chini ya shuka, akainama, akapiga makofi taratibu, yale makofi ya mwanamke wa Kifipa anayempokea mume wake kutoka safari. Mwanga ukawa unamwangukia mgongoni, matuta ya Vitalis yanatembea juu ya kitenge chake.

Watu walikimbia. Benchi zilianguka, mablanketi yakang'olewa, jua likaingia na kaka yangu akafutika. Afisa alisema "ndugu wananchi, ndugu wananchi," hakuna ndugu aliyesimama. Mwisho na yeye akaogopa. Alimtupia Deo lile kopo lake la bati akamwambia kaa nalo wewe mwenyewe, akapanda gari la sinema, tukabaki na moshi.

Njiani Mama Rehema muuza vitumbua alinisubiri, mikono kiunoni. Huyu ana kinyongo nami, maana mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba anachanganya unga wa mahindi kwenye vitumbua.

"We Yustina! Si ulisema Ulaya kuna theluji tu? Kumbe na shamba la kaka yako lipo! Mlilipwa nini mkamtoa, nyie ukoo wa kusoma?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Hakikutoka kitu. Mzee Sefu alikuwa mlangoni pa duka lake, akasema, "Leo Yustina kakosa la kusema, fungeni milango, mvua ya mawe hiyo inakuja." Watu wakacheka. Lakini kile kicheko hakikuwa cha furaha, nakijua, nimekicheka mimi mwenyewe juu ya wengine. Kuna bibi wa njia ya Muze waliyemwita mchawi wakamchomea nyumba, yalianza hivihivi, na maneno ya njiani. Nilikisimulia kile kisa sokoni siku nzima. Nilikisimulia vizuri sana.

Jioni akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Hakuingia ndani. "Dada Yustina, mimi nakuheshimu. Wazee wanamtaka kijana kesho baada ya misa. Aje na hilo kopo lake. Wanasema likichomwa, Vitalis atapumzika. Na kijana akikataa..." Akatazama paa la nyumba yangu.

Deo anasema hawezi kulitoa. Ni mali ya tamasha, lazima lirudi huko lilikotoka. Likichomwa masomo yameisha na jina la nchi limechafuka. Asipolitoa watamchoma yeye. Hayo ndiyo mahesabu yaliyopo nyumbani kwangu leo.

Kopo lenyewe nimelifukia kwenye tenga la unga, na juu nimeweka rozari. Nicheke nisicheke? Muda si mrefu uliopita nililiinamia nikaweka sikio. Nikasikia du, du, du. Jembe! Nikaruka mpaka ukutani. Kumbe ni moyo wangu mwenyewe, mjinga mimi.

Maana ukweli nitausema humu. Hata mimi sikuwa na hakika. Mtoto nimemlea, nimemfuta kamasi, na jioni hii nilikuwa namtazama anakunywa uji nikijiuliza: huyu huko Ulaya walimfundisha nini hasa?

Nikamwambia, "Deo. Mimi ni shangazi yako, nakuuliza kabla hawajakuuliza. Umempata wapi?"

Akaniangalia kama nimempiga kofi. "Na wewe, shangazi?"

"Na mimi. Nionyeshe."

Akaweka bakuli chini. Akachukua ufagio badala ya jembe, akasimama mbele ya kile kioo changu kidogo cha ukutani. Anasema picha ya baba hakuwa nayo hata moja, na akijaribu kumkumbuka akiwa amekaa, anapotea. Basi akawa anasimama mbele ya kioo chumbani kwake, anakunja mgongo kama baba, anachechemea kama baba, anashika kama baba, anajitazama, anakimbilia kuchora. Anarudi tena kiooni. Wenzake walidhani kapata wazimu.

Akashika ufagio mkono wa kushoto mbele. Vitalis alikuwa mtu wa kushoto. Kazini, watu walipolima kwa kusaidiana na pombe ya ulezi inawangoja, walikuwa wanamweka mwisho wa mstari, maana jembe lake lilikuwa linakuja kinyume na ya wenzake. Siku moja walimsahau katikati, akamvunja balozi vidole. Kovu analo mpaka leo.

Nikamtazama Deo, kushoto. Nikatazama kioo.

Kulia.

Jamani. Yule wa kwenye shuka alikuwa analima kwa kulia! Nililiona, macho yaliliona, ila woga ulikuwa umeketi juu yake. Kioo kilimgeuza. Mtoto kashika sawasawa, kioo kikampa kinyume, na yeye akachora alichokiona. Wazungu wote wale wakapiga makofi, nani kati yao angejua mkono wa Vitalis?

Nilipomwonyesha, Deo alikaa juu ya gunia akafunika uso. "Shangazi, nimemkosea baba. Miaka yote hiyo nimechora mkono ambao si wake."

Mimi nilikuwa nacheka na machozi. Nilimkumbatia yule mpumbavu. Pumzi ya kwanza tangu alasiri! Kwa sababu msukule anatolewa akili, habadilishwi mkono, basi yule wa kwenye shuka si Vitalis. Kesho nitasimama mbele ya wazee wote. Nitamwambia balozi, inua vidole vyako uvitazame, halafu uniambie yule uliyemwona ukumbini angeweza kukuvunja hivyo. Kopo litabaki zima na Deo atabaki mzima, na Mama Rehema nitamtafutia jibu lake njiani.

Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate tu.

Halafu nikasikia wifi anakohoa chumba cha pili.

Tangu tutoke ukumbini ni yeye peke yake ambaye haogopi. Amekula. Miezi mingi hajala hivyo, alikuwa anadonoa tu kama kuku mgonjwa. Alimwuliza Deo, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza habari za safari, "Huko wanampa chakula?" Deo akainuka akatoka nje. Mimi akaniuliza kama ni lazima lile koti libaki limechanika, kama kuna njia ya kumpelekea uzi. Sasa analala, uso umelegea, na nguo ya kanisani ameikunja vizuri pembeni. Anadhani kesho ataonyeshwa tena.

Kwa hiyo nikimwokoa Deo, ninamzika Vitalis mara ya pili. Na safari hii mwenye kushika jembe la kuchimbia ni mimi.

Najiuliza pia, mke asijue mkono wa mume wake? Miaka yote amemwekea bakuli upande wa kushoto. Labda aliona, akaamua kupiga magoti hivyohivyo. Labda hakutaka kuona. Hilo linanitisha kuliko maneno ya kina Mama Rehema.

Ajabu yangu mimi. Nimepeleka habari za watu mpaka bondeni, za ndoa kuvunjika, za mimba, za misiba, na miguu haikuwahi kunigomea. Hii ni ya mlango wa pili tu hapa na siwezi kunyanyuka.

Lakini wifi asije akaisikia mbele ya wazee, watu wakipiga kelele. Nitamwamsha alfajiri kabla ya kengele ya misa. Nitampigia magoti ingawa mimi ndiye mkubwa. Nitamwambia habari ya kioo, habari ya kushoto na kulia. Na akiniuliza, sasa yule anayelima vile bila kupumzika ni nani, nitamwambia, ni mwanao, wifi. Amevaa koti la baba yake.

Sijui kama itamtosha.