Madirisha Tisa, Jina Moja

Mpendwa Mama Rosebellah,

Naomba unisome hadi mwisho kabla hujanikemea, maana jambo lenyewe lilianza kwa wema mtupu na mimi ndiye niliyeliharibu. Naitwa Velma, nina miaka kumi na sita, naishi Mahjar, Jidda, pamoja na mama na baba yangu Titus, ambaye ni dereva, na kila siku namshukuru Mungu kwamba wamejinyima wakanipeleka shule inayofundisha sanaa, ufumaji na utengenezaji wa video, masomo ambayo binamu zangu kule Kakamega hawaamini kwamba mtu hupewa alama kwa kuyasoma.

Muhula huu mwalimu wetu Huda alitutaka tutengeneze kazi ya nyuzi inayoonyesha mahali tunapoishi, nami nikachora madirisha ya mbao ya nyumba kuukuu za mtaa wa Baghdadiya, yale yenye vitundu vidogo vidogo, kwa sababu tangu utotoni nimeona yanafanana na vitambaa vya kroshia ambavyo kwetu hufunika makochi, kwa hiyo nikapanga kufuma madirisha tisa na kuyaunganisha, nikazitia nyuzi rangi mwenyewe kwa majani ya chai na maua mekundu ya karkade hadi mama akalalamika kwamba sufuria zake zote zimekuwa nyekundu. Mchoro ulikuwa mzuri, rangi zilikuwa nzuri, mkono ndio uliokataa.

Sasa shangazi yangu Roselyne, anayefanya kazi za nyumbani Riyadh na kuishi huko huko kwa bosi, akaja Jidda na familia hiyo wakati wa likizo, na madam wake akamruhusu kuja kwetu Ijumaa mbili, na ile ya kwanza hata chai hajamaliza akaokota dirisha langu la tatu, akaliinua kwenye mwanga.

"Velma, hiki ni kitambaa ama ni chandarua? Hapa mbu anapita na mizigo yake."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Shangazi akanyoosha mkono. "Yalla, lete sindano."

Akafuma Ijumaa hiyo, akaondoka na nyuzi akafuma wiki nzima katika saa zake za kupumzika, akarudi na madirisha matano yaliyokamilika, na la tisa akaacha mstari wa mwisho, akaniambia, "Huu ni wako. Umalize, ndio siku moja ukitazama ujue mkono wako ulifika mwisho." Nami sikuumaliza, kwa kuwa vitanzi vyake vimepangana kama punje za mahindi kwenye gunzi, na vyangu vingeonekana.

Mwalimu Huda alipoona uzi unaoning'inia alisema ni wazo zuri sana, dirisha lililoachwa wazi, nami nikanyamaza, na kazi ikachaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya wanafunzi Riyadh, nikapewa fomu inayosema kazi yote ni ya mkono wangu, nikatia sahihi. Tena kuna video ya dakika mbili niliyomrekodi shangazi akifuma, mikono tu bila uso kama alivyotaka, na ndiyo video nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, lakini nilihofia mwalimu angezitambua nyuzi, kwenye somo la video nikawasilisha ya paka wa Kornishi, kule ufukweni.

Juzi shangazi alipiga simu akifurahi, madam wake atampeleka kwenye maonyesho pamoja na watoto, nami najua chini ya kazi patakuwa na kadi yenye jina langu peke yake. Nilipomgusia habari ya jina alisema, "Jina langu lifanye nini huko ukutani? Mimi nataka tu kuona kikining'inia." Nikisema kweli, huenda kazi ikaondolewa na shangazi asione chochote; nikinyamaza, atasimama mbele ya kazi yake kama mgeni. Kazi zinafungashwa Jumanne. Nifanye nini?

Mwenye shukrani na aibu,
Velma, Jidda

*

Velma mwanangu,

Nimefika mwisho, sasa nikukemee. Fomu ilikuuliza swali jepesi ukalijibu kwa uongo. Kisha ukamwacha mwalimu wako asifie woga wako akidhani ni ubunifu. Hapo nilicheka, lakini wewe usicheke.

Shangazi yako anasema jina lake halina kazi ukutani. Mtu aliyezoea kung'arisha sebule ikasifiwa na wageni huku yeye yuko jikoni hujifunza kusema hivyo. Usiuchukue upole wake ukaufanya ruhusa.

Wala usijidharau. Aliyetazama dirisha la Baghdadiya akaona kitambaa cha kochi ni wewe. Sufuria za mama umeziharibu wewe. Vyandarua vitatu ni vyako. Hayo yanatosha kutiwa jina lako bila kumfunika mtu.

Ijumaa hii mpigie shangazi, mwambie ulichotia sahihi na kwamba unakwenda kukisahihisha. Muulize angependa aandikwe vipi. Asipotaka jina kamili, iandikwe "pamoja na shangazi yangu". Muulize pia kuhusu video, kwani mikono ni yake na kibarua ni chake. Akisema ibaki kwenye simu, ibaki, halas. Jumapili, wiki ya shule inapoanza huko kwenu, kabla ya kipindi cha kwanza, mwendee Mwalimu Huda, mweleze kila dirisha limefumwa na nani, na ukiruhusiwa na shangazi, mwonyeshe hiyo video uliyoificha nyuma ya paka. Mwalimu aliyekufundisha vizuri hivi anastahili kuusikia ukweli kinywani mwako.

Huenda akaiondoa kazi. Usibishane. Omba matatu yako yaende, na hayo sita yaning'inie kwenu Mahjar mpaka shangazi apate likizo nyingine. Umepata mwalimu, wazazi na shangazi wa namna hii. Unaweza kukosa ukuta mmoja wa Riyadh.

Lakini iende, isiende, Jumatatu kaa chini umalize ule mstari. Utakwenda upande, najua. Shangazi yako atauona kutoka mlangoni, kabla hajasoma kadi, na atajua kwamba huo ni wako.

Mama Rosebellah