Nilisema Pole

Jumanne, 4 Februari

Nimefagia gari la shule asubuhi. Biskuti iliyosagika chini ya kiti, soksi moja, penseli isiyo na ncha. Watoto hawa. Wote wamefika darasani bila kutapika, nashukuru. Shanice wa chekechea ameimba wimbo mmoja tangu langoni kwao mpaka shuleni, mistari miwili tu, anairudia. Auntie Fina, na wewe imba. Nikaimba. Ukweli ni kwamba hayo ndiyo maongezi marefu kuliko yote niliyopata leo.

Jioni, baada ya kumshusha mtoto wa mwisho, nimegongwa.

Ilikuwa Spine Road, kwenye tuta lililo kabla ya stendi. Nilipunguza mwendo kama ninavyofanya kila siku. Tuta ni tuta. Nikasikia kishindo nyuma, kichwa kikaenda mbele kikarudi. Gari lilikuwa tupu. Asante Mungu, lilikuwa tupu. Kama angenigonga mapema kidogo, Shanice hukaa kiti cha nyuma. Siandiki zaidi hapo.

Nikazima injini, nikawasha taa za hatari, nikashuka. Pikapu nyeusi imeingiza pua kwenye mlango wangu wa nyuma. Dereva ni kijana wa suti. Damu inamtoka puani, simu bado iko mkononi, ametumbulia macho usukani tu. Nikamfungulia mlango. Nikampa hanchifu yangu. Nikamwambia, "Pole. Pole sana." Mtu anayetoka damu unamwambia nini kingine?

Watu wakajaa. Nusu yao wanataka tumalizane hapo hapo, eti tukiita polisi tutapoteza wiki. Mama anayeuza njugu stendini ndiye aliyeongea la maana: "Madhee, piga picha kwanza. Na usisongeshe gari hata kidogo." Nikapiga. Bampa yake, namba yake, namba yangu, stika ya bima kwenye kioo chake, tuta lenyewe. Picha nyingi zina kidole changu. Kijana alipopata nguvu akataka tuelewane. Nikakataa. Gari ni la shule, mimi ni nani nielewane kwa niaba yake? Askari wa trafiki akaja, akapima barabara kwa miguu yake, akatuambia twende kituoni kesho kuandikisha maelezo.

Shingo haina neno. Nalala.

Jumatano, 5 Februari

Shingo ina neno.

Nimeamka siwezi kugeuka. Kutoka kitandani ilibidi nijibingirishe, nishike kichwa kwa mikono miwili, nikiinue kama mzigo. Rinda nimelivaa, zipu ya mgongoni imenishinda. Nikakaa kitandani na mgongo wazi. Nyumba kimya. Nikalia kidogo, na sikuwa nalilia shingo. Mwisho nimejifunika shali juu ya zipu iliyo wazi na kuondoka hivyo.

Kituoni nimeandikisha maelezo yangu kwa Kiswahili. Nimepewa abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuthibitisha ajali. Gari lilivutwa jana mpaka pale, limebaki likingoja kukaguliwa. Hospitali wamenipiga picha ya eksirei. Mfupa mzima, misuli ndiyo imeumia. Daktari amenikemea: ukigongwa kutoka nyuma unakuja siku hiyo hiyo, hata kama husikii maumivu, maana shingo huficha. Amenifunga kola shingoni. Kisha akaita mgonjwa mwingine.

Nimepandisha shali mpaka kidevuni. Sitaki maswali ya kwenye ngazi. Hapa Kayole ukiulizwa na mmoja umeulizwa na wapangaji wa ploti nzima.

Nimemtumia Brenda ujumbe wa sauti. Yuko Doha, binti yangu, anafanya kazi ya zamu. Amejibu: asante Mungu mama uko hai, na moyo mwekundu. Sina hasira naye. Ninayo kidogo.

Ijumaa, 7 Februari

Mkurugenzi wa shule amepiga simu. Swali la kwanza: gari liko hali gani. La pili lilikuwa gumu zaidi. Yule kijana, jina lake Dennis, ameandika maelezo kwa Kiingereza. Anasema nilifunga breki ghafla bila sababu. Na kwamba nilishuka mwenyewe, nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikasema "sorry".

Mkurugenzi akaniuliza kama niliomba msamaha. Nikasema sikuomba. Akasema lakini ulisema sorry. Nikasema nilisema pole. Akasema ni kitu kile kile.

Mpaka polisi waamue, kwenye njia yangu ataendesha dereva mwingine. Wakisema kosa ni langu, sirudishiwi watoto, leo wala kesho. Wazazi hawatakubali. Namwelewa. Namchukia pia.

Kitu kile kile. Nimezunguka chumba mchana kutwa na maneno hayo. Aliyefiwa anaambiwa pole. Aliyejikwaa, pole. Anayefua nguo, pole na kazi. Aliyetoka safari, pole na safari. Je, mimi ndiye niliyewaua, niliyewasukuma, niliyewachafulia nguo? Lakini kwenye ile karatasi ya Kiingereza ni mimi niliyekiri. Nilimhurumia mtu, na huruma yangu imeandikwa kuwa kosa langu.

Na kitu kingine. Tangu Jumanne hakuna aliyeniambia mimi pole. Hata mmoja. Najua nimejificha chini ya shali, najua. Bado nahesabu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeenda Muthurwa kununua mboga ili nisikae ndani. Mwanamke mbele yangu amekanyaga ganda la ndizi, akaenda chini na vitunguu vyake vyote. Akaniangalia. Nikafunga mdomo. Nikapita.

Sikuwahi kufanya hivyo maishani. Kwetu Mumias mtu angeuliza nimelelewa na nani.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Nimejiambia ni shingo.

Mlango unaotazamana na wangu ni wa Mama Zuhura. Tumekuwa majirani tangu Brenda akiwa sekondari. Tunasalimiana, tunaazimana kiberiti, basi. Leo nimekuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni kwake, vimemwagika mpaka kwenye ngazi. Mke wa keyateka, mwangalizi wa ploti yetu, ameniambia: dada yake Mama Zuhura amefariki jana Eastleigh, wamemzika siku hiyo hiyo kama ilivyo desturi yao.

Natakiwa kwenda. Ni kuvuka korido tu. Nimevaa leso kichwani, nimesimama nyuma ya mlango wangu, mkono kwenye komeo. Neno ni moja, na kila mtu analijua. Halikutoka. Nikawaza wataona kola, wataanza kunihurumia mimi kwenye msiba wa mwingine. Hicho ni kisingizio. Ukweli ni kwamba neno hilo sasa lina harufu ya kituo cha polisi.

Nikavua leso. Nikakaa na redio. Niliwasikia wakisoma dua mpaka jioni.

Jumatatu, 10 Februari

Dereva mpya hajui kupiga honi. Mimi hupiga mbili fupi, watoto wanajua. Yeye analala juu ya honi, ploti nzima inaamka. Shule imekodi gari jeupe, nimeliona kutoka dirishani. Sikuweza kuona kama Shanice yumo.

Nimekutana na Mama Zuhura kwenye ngazi, amebeba dumu la maji. Nikamwambia, habari ya asubuhi. Akajibu, nzuri. Akaweka dumu chini, kama mtu anayengoja kitu. Nikapita na shali yangu. Niliposhuka ngazi za mwisho bado sikuwa nimesikia akiliinua.

Mimi ni mtu wa aina gani sasa?

Leo hakuna aliyetaja jina langu. Wala lile lenye jina la Brenda ndani yake, Mama Brenda, hata hilo.

Jumanne, 11 Februari

Kituo kimepiga simu. Kesho, wote wawili. Nimepiga pasi rinda la bluu la kazi. Najua si siku ya kazi.

Jumatano, 12 Februari

Nimetoka kituoni. Nataka kuandika yote kabla sijasahau yalivyofuatana.

Afande aliyeshika faili letu ni mwanamke wa rika langu, miwani puani, chai imepoa mbele yake. Alikuwa na ripoti ya mkaguzi wa magari: breki zangu nzima, taa za nyuma ziliwaka, aliyeingia ni aliyekuwa nyuma. Alikuwa na picha zangu pia, tuta likionekana pamoja na kidole. Lakini Dennis alishikilia neno lake. Akalirudia kwa Kiingereza kizuri sana. Bibi huyu alikiri. Alisema sorry. Kwa nini mtu aseme sorry kama hana kosa?

Nilitaka kupiga kelele. Kola hainiruhusu hata kutikisa kichwa. Nikakaa pale kama mti, nikaona gari linaenda, watoto wanaenda, nabaki na redio.

Afande akavua miwani. Akamwambia Dennis aachane na Kiingereza, hapo si mahakamani.

"Alikwambia pole, ama alikwambia samahani?"

Dennis akaangalia meza. Nilidhani atadanganya. Kwa kweli nilikuwa na hakika atadanganya.

"Pole," akasema. "Aliniambia pole."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Akajipapasa pua, bado ina alama.

"Nilisema asante."

"Basi ulijua alimaanisha nini," akasema Afande, akavaa miwani yake na kuanza kuandika.

Mimi sikumbuki kama alisema asante. Yeye ndiye aliyekumbuka. Ningeweza kumchukia kabisa kama asingekumbuka. Baadaye alikubali mwenyewe kwamba alikuwa anasoma simu. Atashtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, na bima yake ndiyo itakayotengeneza gari la shule. Mimi sina kosa. Afande ameandika hivyo, na ameniahidi mkurugenzi ataarifiwa.

Nje, Dennis alisimama karibu nami kwenye lango. Alifungua mdomo. Nilingoja. Samahani, pole, lolote, ningepokea. Akasema anachelewa, akaenda.

Nimerudi nyumbani mshindi. Nimevua shali mbele ya kioo. Hakuna wa kumwambia. Nimemwambia Brenda kwa simu, ujumbe una alama moja tu, bado haujafika.

Ijumaa, 14 Februari

Ujumbe wa mkurugenzi: gari litakuwa tayari, Jumatatu urudi kazini, uje na barua ya daktari. Ni hayo tu. Daktari amesema nivue kola, kazi naweza, nigeuze mwili wote ninapoangalia vioo.

Nilidhani nitaruka kwa furaha. Nimeosha vyombo.

Viatu vimekwisha mlangoni kwa Mama Zuhura. Msiba umefika mahali ambapo watu wanarudi makwao. Najua mahali hapo. Alipokufa baba yake Brenda, siku za kwanza nyumba ilijaa nikakosa pa kukaa. Kisha ikaja Ijumaa moja kama hii, sufuria zote za watu zikawa zimerudishwa.

Jumapili, 16 Februari

Nimekwenda.

Nimebisha alasiri, na sukari kwenye mfuko. Alikuwa peke yake, anakunja nguo ambazo nadhani ni za dada yake. Nikasimama mlangoni, nikamwambia kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

"Pole kwa msiba, Mama Zuhura. Nimechelewa."

"Tushapoa," akasema. Akanisogezea mkeka.

Sikulijua jibu hilo. Ameniambia kwao Lamu ndivyo wanavyojibu. Ukipewa pole unasema umeshapoa, hata kama bado. Miaka yote hii mlango kwa mlango, sikuwahi kulisikia. Labda sikuwahi kukaa muda wa kutosha.

Tukanywa chai. Akanisimulia dada yake, alivyokuwa mkali, alivyokuwa akimfichia peremende chini ya mto. Mimi nikamsaidia kukunja. Katikati ya kanga moja akasema, bila kuniangalia:

"Na wewe pole na shingo. Niliona kola chini ya shali tangu siku ya kwanza. Nikasema nitangoja aniambie mwenyewe."

Kumbe lile dumu lililowekwa chini kwenye ngazi. Nilidhani ananidai pole yangu, kumbe alikuwa anangoja kunipa yake.

Nikaiweka kanga chini. Nikigeuka kushoto bado inavuta.

"Nishapoa," nikasema.

Nimekaa mpaka azana ya magharibi. Nimemwambia yote, tuta, hanchifu, Afande. Kwenye "nilisema asante" alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaendelea kujifuta, nikajua hakuwa anacheka tena. Nikakaa tu.

Kesho watoto. Rinda la bluu liko kwenye msumari. Zipu ya mgongoni bado inanishinda, nimemwambia na hilo. Amesema nibishe kabla sijashuka, huwa ameamka kwa swala ya alfajiri.