Kompyuta ya Ukunda Haisahau

Jumatatu, 4 Oktoba 1999
Kutoka Shimoni hadi Likoni hakuna anayeijua intaneti kunishinda! Darasa la saba nililikimbia, lakini wazungu wa Diani wananiita profesa. Bwana Abdurahman, mwenye duka hili la intaneti, anasema mimi ni mdomo tu. Wivu huo.

Mteja akishaandika neno lake la siri, kompyuta inauliza kitu kwa Kiingereza. Mimi nabonyeza "Yes" kila mara — kumkatalia anayeuliza ni utovu wa adabu, na huenda laini ikakatika. Leo nimeona faida yake. Ukigusa herufi moja, jina la mteja linajitokeza, neno la siri linajijaza lenyewe, nyota nyota. Maajabu!

Jumanne, 5 Oktoba
Dada Concepta, yule wa bara anayefua mashuka hotelini, amekuja kumwandikia imeli dadake Viola, aliyeko Malindi. Mkono umemvimba. Nikamtania: umepigana na mashine ya kufulia? Hakucheka. Ni Johnstone, mumewe. Ijumaa anamkimbia. Viola atampokea stendi.

— Mdogo wangu, mtu mwingine hawezi kuisoma hii?
— Dada, hata jini haingii!

Alhamisi, 7 Oktoba
Nani kaja? Johnstone! Salamu nzuri, kicheko kingi. Eti, "Kijana, nasikia wewe ni mkali wa computer, hebu nionyeshe." Nikamwonyesha maajabu yangu. Akanipiga bega, akaniita injinia. Akaomba nimwachie kiti kidogo ajizoeze. Nikaenda zangu kwa Mwanapili kula mahamri.

Ijumaa, 8 Oktoba
Asubuhi dada Concepta alipita kuniaga, mkoba mmoja tu. Akapanda gari. Nikampungia mkono.

Kisha Mwanapili, akigeuza mahamri yake, akaniambia: mume wa yule dada, jana jioni, alielekea Mombasa, begi mgongoni. "Wamekosana, au wanafuatana?"

Nikarudi mbio dukani. Nimefungua imeli ya Concepta — nyota zikajijaza. Kuna barua ya jana kwenda kwa Viola. Jana Concepta hakukanyaga hapa! "Usije kunipokea stendi. Nitafika nyumbani mwenyewe."

Yarabi.

Nimemwandikia Viola: hiyo si barua ya dadako, kimbia stendi sasa hivi! Hajajibu. Simu yake siijui. Imeli anasoma akipata nafasi kazini. Naangalia tena. Hakuna kitu. Adhuhuri inaadhiniwa — gari la Concepta limeshapita Kilifi.

Bwana Abdurahman ameniuliza mbona siendi kula. Nimesema homa. Kisha nikamsimulia barua ya Johnstone. Akauliza aliingiaje kwenye barua za mkewe. Nimesema alibahatisha mwenyewe.

Uongo. Alitaka kuona maajabu, nami nikatafuta jina la kumwonyeshea. Herufi C niliibonyeza mimi.