Video ya Jicho

Riyadh, Jumanne

Video ni ile ile. Leo madam aliniita niache kupiga deki, nije nitazame Mmarekani akieleza kwamba jicho la binadamu lilibuniwa na mwenye akili. Mungu hakumtaja hata mara moja. Alisema hiyo ni sayansi tu.

"Unaona, Halima? Hata wao wanamjua Allah," madam akasema.

"Ndiyo, madam."

Halima ni jina nililopewa na ajenti, aliniandikisha Mwislamu nipate kazi haraka. Video hiyo pasta wetu alituonyesha kanisani Nakuru. Alituambia walioitengeneza ni walokole, na Yesu hawamtaji makusudi, ndio wakubaliwe mashuleni.

Sikucheka. Sikusikia uchungu pia. Nilirudi kwa deki yangu.

Wao wamemficha ndio waingie shule. Mimi nimemficha ndio nisifukuzwe jikoni.