Loveth Anapumua Mwenyewe

S.L.P. 58,
Magomeni, Kilosa.
9 Juni 2025

Mpendwa kaka Yared,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Editha na watoto mnaendelea vizuri, na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi ni wazima, mahindi tumevuna, na mwanangu Loveth yuko nyumbani. Kwenye simu ulisikia nusu tu, mtandao ukakata, ndiyo maana naandika.

Yale mafua aliyoyapata chuoni India yaligeuka homa ya mapafu. Hospitalini walimwekea mashine ya kupumulia, lakini mapafu yalikuwa yamejaa maji mno. Daktari akatupigia, rafiki yake Loveth wa huko chuoni, Happyness, akitutafsiria. Alisema imebaki mashine nyingine: inavuta damu kwa mipira, inaitia oksijeni nje ya mwili, kisha inairudisha, ili mapafu yapumzike dawa zikifanya kazi. Hakutuficha kwamba Loveth angeweza kuvuja damu, au asiamke kabisa.

Shemeji yako Optatus alitoka kwenda uani. Mama yetu, aliyekuwa amekuja kutoka Berega, ndiye aliyeuliza, "Hiyo damu ikishatoka, itarudi yote?"

Happyness akamuuliza daktari, kisha akamjibu mama, "Inarudi, bibi, tena ikiwa na hewa."

"Basi waambie waanze," mama akasema. Optatus akarudi ndani, akakubali, nami nikakubali.

Kaka, karibu wiki mbili sikuonja chakula nikajua ladha yake. Kisha wakaanza kuipunguza mashine kidogo kidogo, na mapafu yakashika kazi. Siku waliyomtoa mipira, Happyness alimwekea simu sikioni. Kwa sauti ya kukwaruza, mtoto akauliza kama tumemuuza mbuzi wake. Tulicheka mpaka machozi.

Juzi tulimpokea stesheni. Amekonda, ana kovu shingoni, na akitembea kwenda sokoni hupumzika njiani. Shangazi yake wa Mikumi amemletea kuku wawili, na mama anamsimamia amalize supu.

Jana jioni alibishana na baba yake kuhusu mpira wa miguu, kelele zikavuka uzio. Jirani yetu Filomena akachungulia, akataka kuwatuliza. Nikamwomba awaache. Nilitaka kusikiliza.

Msalimie sana wifi Editha na watoto. Loveth anakuamkia, na mama anawaombea. Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka.

Mdogo wako akupendaye,
Letisia